Saa 200 bila spika? Jibu kwa aliyerithi amplifaya ya valvu

*“Fundi, shikamoo. Marehemu ami yangu aliniachia amplifaya ya valvu aliyorudi nayo kutoka Maskati. Ni ya stereo, ina valvu kubwa nne za EL34 na ndogo nne za mbele. Imekaa stoo hapa Tanga ndani ya boksi lake tangu 2012 na sijaiwasha. Nyuma imeandikwa 220V. Nimeagiza valvu kubwa nne mpya, na muuzaji amenipa masharti matatu: ziwake saa 200 mfululizo kabla sijasikiliza chochote, la sivyo sauti itabaki kavu na valvu zitakufa mapema, wakati huo wote nichomoe spika zisije zikaharibika, na nisiziguse kwa mkono mtupu. Nikipima umeme wa nyumbani jioni nasoma volti 228, usiku wa manane hufika 248. Valvu za zamani tatu zina jina la Mullard, ya nne ni ya kampuni nyingine. Nataka kusikiliza santuri za taarab alizoniachia, lakini naogopa kukiharibu kitu cha ami. Nianzie wapi?”*

Marahaba, mwanangu. Pole kwa kuondokewa na ami yako, na umefanya la maana kuuliza kabla ya kuchomeka waya ukutani. Vyombo vingi vya namna hii hunifikia mezani vikiwa vimeshatoa moshi, na hapo kazi yangu inakuwa kuhesabu hasara.

Kwenye barua yako valvu mpya zimechukua nafasi kubwa, na ile habari ya kukaa stoo tangu 2012 umeipa sentensi moja. Mimi ningeanza na hiyo sentensi moja. Valvu mpya haina makuu. Ukiipa volti zake na hewa ya kupumua, itafanya kazi tangu jioni ya kwanza. Kinachotaka kuamshwa taratibu ni amplifaya yenyewe, na kuiamsha vibaya kunaweza kuua valvu mpya, transfoma na hata mtu. Kwa hiyo usiiwashe bado. Na lile sharti la kuchomoa spika lifute kabisa kichwani mwako, nitakueleza kwa nini.

Nianze na valvu yenyewe, maana ukishajua inavyofanya kazi utaweza kuyapima mwenyewe maneno ya wauzaji. Kama uliwahi kuangalia TV ya chogo, umeshaishi na valvu: lile chogo lilikuwa valvu moja kubwa. Ndani ya chupa ya kioo hewa imenyonywa karibu yote. Katikati kuna kijibomba chembamba cha chuma kinachoitwa kathodi, kimepakwa oksidi za bariamu na strontiamu, na ndani yake mna uzi wa kupashia moto, ule unaouona ukiwaka rangi ya chungwa. Kathodi ikishapata joto la nyuzi 700 na ushei inaanza kutoa elektroni, kama chungu kinavyotoa mvuke. Lile bati la kijivu la nje ndiyo anodi. Lina volti mia nne na zaidi, nalo huzivuta hizo elektroni. Kati ya kathodi na anodi kuna gridi, waya mwembamba uliozungushwa kama springi. EL34 ina gridi tatu, lakini hii ya kwanza ndiyo mlinzi wa mlango. Sauti dhaifu ya santuri yako huingia kwenye gridi, na mkondo mkubwa unaoelekea anodi hufuata kila mtikisiko wake.

Jina lenyewe lina maana yake. Mwingereza Fleming alisajili ya kwanza mwaka 1904, nayo ilikuwa inapitisha mkondo upande mmoja tu, kama valvu ya baiskeli inavyopitisha upepo. Miaka miwili baadaye Lee de Forest wa Marekani akaongeza gridi, na tangu hapo ikawezekana kukuza sauti.

Sasa zile saa 200. Kuna ukweli ndani yake, ila umevutwa mpaka ukakatika. Valvu ikitoka kiwandani, ule upako wa kathodi bado unamalizia kutulia, na chembechembe za hewa zilizobaki ndani zinaendelea kunyonywa na lile doa la fedha unaloliona kwenye kioo kwa ndani. Doa hilo ni bariamu, limewekwa pale makusudi. Kwa saa kumi au ishirini za mwanzo mkondo unaweza kupanda au kushuka kidogo, baadaye unatulia. Viwanda vyenyewe huziwasha valvu kwa muda kabla ya kuzipanga na kuzifungasha, na muuzaji makini naye huziwasha tena ili kuzioanisha. Kwa maneno mengine, zinakufikia zikiwa zimeshaanza kazi.

Hesabu nayo inakataa. Mafundi wengi wanaikadiria EL34 inayotunzwa vizuri kati ya saa 2,000 na 5,000. Saa 200 ni sehemu ya kumi ya yale makadirio ya chini, unazichoma bila kusikia hata kinanda kimoja. Ukisikiliza saa mbili kila usiku, hizo ni jioni mia moja. Chombo cha ukubwa huo hula kama wati 150, kwa hiyo utakuwa umeteketeza uniti 30 za umeme juu yake. Na wewe utakuwa umelala, au uko kazini, chombo kilicholala miaka yote hiyo kikiwaka peke yake chumbani. Hapo ndipo ninapoogopa zaidi.

Je, sauti hubadilika siku za mwanzo? Hubadilika kidogo, na nisikufiche kwamba nami huisikia. Ila nimejifunza kutenganisha mambo. Kila jioni, hata kwa valvu ya miaka mitatu, amplifaya husikika vizuri zaidi ikishapata moto kwa dakika 15 au 20. Spika mpya nazo hulegea kadiri zinavyopigwa. Na sikio lako linazoea. Wiki ya pili unaijua sauti ya nyumba yako, wiki ya kwanza ulikuwa mgeni. Ukishayaondoa hayo matatu, kinachobaki kwa valvu ni kidogo. Kwa hiyo njia ya kuzizoesha ni kuzisikiliza. Piga santuri zako kwa sauti ya wastani tangu siku ya kwanza, zima unapomaliza, na fundi akupimie mkondo wa valvu baada ya saa 20 hivi, kisha tena baada ya saa 50. Hiyo ndiyo kazi yote.

Habari ya kuchomoa spika nataka uishike vizuri, kwa sababu kwa amplifaya ya transista ushauri ule haudhuru. Transista inaogopa nyaya za spika kugusana. Amplifaya ya valvu inaogopa kinyume chake: spika isipokuwepo. Kati ya EL34 na spika yako kuna transfoma ya kutolea sauti. Nguvu inaingia upande wa valvu na kutokea upande wa spika. Spika ikiondolewa, nguvu haina pa kutokea, inarudi, na volti upande wa valvu zinapanda mara kadhaa kupita kawaida. Zikipanda hivyo zinatoboa varnishi ya nyaya ndani ya transfoma, au cheche zinaruka kwenye soketi.

Niliwahi kuletewa amplifaya ya bendi, ya valvu, iliyokuwa imepigwa ukumbini usiku waya wa spika ukiwa umechomoka nyuma. Mpiga gitaa alipoona sauti haitoki akaongeza volyumu. Nilipofungua nilikuta alama nyeusi kwenye soketi, kati ya miguu miwili, nyembamba kama mstari wa kalamu. Ile ni njia iliyopita cheche. Soketi tulibadilisha kwa bei ndogo. Transfoma ilikuwa imekatika ndani, na kuisuka upya kulichukua wiki tatu na fedha ambazo zingenunua seti mbili za valvu. Muuzaji wako anaweza kukujibu kwamba muziki usipopigwa hakuna neno. Ni kweli hatari inapungua, lakini amplifaya inaweza kuanza kupiga kelele yenyewe ndani kwa ndani usiisikie, na hiyo peke yake yatosha. Kama hutaki spika zako ziwe kwenye majaribio, fundi ataweka mahali pake risista ya omu 8 yenye wati 50 au zaidi kwa kila upande.

La mkono mtupu ni jepesi. Limetoka kwenye globu za taa za gari, zile za halojeni, ambazo kioo chake huchemka kiasi kwamba alama ya mafuta ya kidole inaweza kukipasua. Valvu yako haiko hivyo, ishike tu. Sababu ya kuishika kwa kitambaa ni nyingine: maandishi ya valvu za zamani yanafutika kwa kidole chenye jasho, na jina likifutika thamani nayo inapungua. Ikiwa imewaka, hapo usiiguse kabisa, kioo cha EL34 kinapita nyuzi 150. Wakati wa kuichomoa ngoja ipoe, shika chini kwenye kitako, si kwenye kioo, na uitikise kidogo kidogo huku na huku ukiivuta juu. Kitako kina kijiti katikati chenye ukingo mmoja uliotokeza. Ule ukingo ndio unaokuonyesha valvu ikae upande gani. Kama kijiti kimevunjika, usibahatishe.

Tumefika kwenye umeme wako, na hapa umenifurahisha kwa kupima. Uzi wa kupashia moto wa EL34 unataka volti 6.3, na unavumilia tofauti ya asilimia kumi, yaani kati ya 5.7 na 6.9. Transfoma ya umeme iliyosukwa kwa 220 huzigawa volti za ukutani kwa uwiano ule ule. Kwa volti 228 za jioni uzi utapata 6.5, hakuna tatizo. Kwa 248 za usiku wa manane utapata 7.1. Hapo umevuka mpaka, na ile volti kubwa ya anodi, kama ilipaswa kuwa 420, itasogea 470. Kathodi inapikwa kupita kiasi, kapasita, vile vikopo vya kuhifadhi umeme nitakavyovieleza mbele kidogo, zinafika ukingoni, na valvu ya miaka mitano inakufa kwa miwili. Ona sasa saa 200 mfululizo zingefanya nini: kila usiku ukiwa usingizini, chombo kingekuwa kwenye volti 248.

Kwanza mwambie fundi aangalie transfoma ya umeme. Amplifaya nyingi zina nyaya mbili au tatu za kuchagulia, 220 na 230 au 240, hata kama nyuma imeandikwa moja tu. Ikiwepo ya 240, ihamishie huko na shauri limekwisha. Isipokuwepo, una njia mbili. Stabilaiza nzuri itakusaidia, ila zile za rilei zinazolia *tak* kila zinapobadilisha hurusha volti kwa hatua, na mimi sizipendi kwa muziki. Njia ninayoipenda ni transfoma ndogo ya volti 18 iliyofungwa kinyume na umeme wa ukutani ili ipunguze. Umeme wako wa 228 hadi 248 utakuwa 210 hadi 230, na uzi utapata kati ya 6.0 na 6.6, salama pande zote mbili. Ni kazi ya nusu siku kwa fundi anayejua, na gharama yake si kubwa. Kile kidude cha kulindia friji hakitoshi peke yake. Kinakata umeme ukizidi sana, hakipunguzi chochote, na volti 248 vingi huzipitisha bila neno. Kiweke hata hivyo, kwa ajili ya ile dakika umeme unaporudi baada ya kukatika.

Sasa stoo. Ndani ya amplifaya kuna kapasita kubwa, vikopo vya aluminiamu vinavyohifadhi zile volti mia nne. Kinachozuia umeme kupita ndani yake ni utando mwembamba mno wa oksidi juu ya karatasi ya aluminiamu, na utando huo unadumishwa na umeme wenyewe. Kapasita ikikaa miaka bila umeme, utando unadhoofika. Ukiipiga volti 450 kwa ghafla, mkondo unavuja, dawa ya ndani inachemka, gesi inajaa, na kikopo kinavimba au kupasuka. Ikipewa volti kidogo kidogo, utando hujijenga upya. Kama kuna kitu kwenye chombo chako kinachohitaji kuzoeshwa, ni hiki.

Fundi atachomoa EL34 zote nne kwanza. Halafu ataunganisha amplifaya kupitia transfoma ya kuzungusha, ile yenye kishikizo juu, au kupitia globu ya wati 60 au 100 iliyofungwa mfululizo na waya wa umeme. Iwe globu ya kizamani yenye uzi ndani. Ya LED haifanyi kazi hii hata kidogo. Globu ikiwaka sana kisha ikafifia, dalili njema. Ikibaki inawaka kwa nguvu zake zote, kuna mahali pamegusana, na globu imeokoa transfoma ya ami yako. Kwa transfoma ya kuzungusha atapandisha volti kwa hatua, 60, 100, 150, akisubiri nusu saa kila hatua na kugusa vikopo umeme ukiwa umezimwa, aone kama vinapata joto. Jambo la kumkumbusha: EL34 zikiwa zimetolewa hakuna anayekula ule umeme, kwa hiyo volti za ndani zinapanda kuliko kawaida. Asifike juu kabisa bila kusoma kwanza kipimo kilichoandikwa kwenye kapasita. Na kama amplifaya inatumia valvu badala ya diodi kugeuza umeme, njia ya kupandisha taratibu haifai hivi hivi, maana valvu hiyo haipitishi kitu mpaka ipate moto.

Vikopo vilivyovimba kichwani au vyenye unyevu chini havina cha kuamshwa, vibadilishwe. Nami nakushauri ubadilishe pia kapasita ndogo zinazopeleka sauti kwenye gridi za EL34, kama ni za karatasi za zamani, hata zikionekana nzima. Ni za bei rahisi, na zikivuja hupeleka volti chanya kwenye gridi. Mlango unabaki wazi, mkondo unamiminika, na anodi inakuwa nyekundu.

Hiyo nyekundu nataka uijue kwa macho. Zima taa ya chumbani, usiangalie uzi wa katikati wenye rangi ya chungwa, angalia lile bati la kijivu. Linatakiwa libaki la kijivu. Ukiona doa jekundu lililokolea, ukubwa wa sarafu, linatanuka polepole, zima hapo hapo. Una dakika chache tu kabla valvu haijafa na kuondoka na risista au transfoma. Mwanga wa buluu ulio kwenye kioo, unaochezacheza na muziki, usikutishe. Ni elektroni zinagonga kioo, na valvu nzima nyingi huwa nao. Wa zambarau au waridi uliojaa kama ukungu katikati ya vyuma ni habari nyingine: hewa imeingia. Na lile doa la fedha likigeuka jeupe kama maziwa, valvu imekufa, hata usiiwashe.

Wengi huniuliza bayasi ni nini. Ni ule mkondo niliosema upimwe baada ya saa 20, yaani ule ambao valvu inaula ikiwa imepumzika, muziki haujaanza. Amplifaya nyingine hujirekebisha zenyewe. Nyingine zina skrubu kwa kila valvu. Kama yako ina kitabu, fuata namba ya kitabu. Kama kitabu kimepotea, hesabu ni hii: anodi ya EL34 inabeba wati 25, na kwa amplifaya ya kawaida hatupiti asilimia 70, yaani wati 17.5. Gawanya kwa volti za anodi, tuseme 420, unapata kama miliampia 42. Mimi huweka 36 au 38. Sauti haipungui kitu na valvu inaishi zaidi. Fundi husoma volti kwenye risista ndogo ya kathodi. Ikiwa ni ya omu 10, 0.38 ni miliampia 38.

Valvu zako za zamani sasa. Tatu za jina moja na moja ya jina lingine maana yake huenda moja ilikufa ikabadilishwa peke yake, na upande huo wa stereo umekuwa ukivutana tangu hapo. Valvu mbili za upande mmoja zinatakiwa zilingane. Kabla hujazidharau zile tatu, angalia chini ya kioo, karibu na kitako, kama kuna alama za kijivu zilizochomwa kwenye kioo zinazoanza na Xf, na chini yake herufi B. Hizo zilitengenezwa Blackburn, Uingereza, na zinatafutwa sana; usizitumie kwa majaribio wala usizitupe. Jina la Mullard peke yake halitoshi, kwa sababu siku hizi linachapwa kwenye valvu zinazotengenezwa Urusi. Nazo hufanya kazi vizuri, ila bei zake hazikaribiani.

Kwenye jaribio la kwanza watu wanabishana: kuweka za zamani ili zife zenyewe kukiwa na kosa, au mpya ili kosa la valvu mbovu lisichanganyike na kosa la amplifaya? Kama zako si za Blackburn, weka za zamani. Kama ni za Blackburn, omba fundi akuazime jozi ya bei nafuu. Zako mpya zibaki kwenye boksi mpaka chombo kimewaka saa mbili au tatu bila doa jekundu wala harufu.

Hewa ya Tanga ina chumvi, na chumvi hula miguu ya valvu na soketi. Kabla ya kurudisha valvu ndogo, zichomeke na kuzichomoa mara tatu nne ili zijisugue, pamoja na tone la dawa ya kusafishia viunganisho. Usitumie msasa, unatoa upako na kutu inarudi kwa kasi zaidi. Mwambie fundi aangalie pia chini kwenye nyaya. Mjusi kafiri anapenda joto. Nimeshawatoa wawili waliokaukia juu ya soketi, mmoja mkia wake ukiwa umeunganisha anodi na gridi. Funika matundu ya chini kwa wavu mwembamba wa waya, usizibe hewa.

Na kile kitambaa cha kufuma ambacho mama huweka juu ya redio na TV, hapa kiondoke, mwombe kwa upole. Acha nafasi ya shibiri moja juu na pembeni. Ukiondoka kwa zaidi ya saa moja, zima. Kama ina swichi ya kusubiria, usiiache hapo usiku kucha, kwa sababu kathodi inayopata moto bila kutoa mkondo inachakaa kwa namna yake. Umeme ukikatika, zima swichi na usubiri urudi na utulie. Usiihamishe ikiwa ya moto. Nyuzi za ndani zikiwa laini zinapinda.

Usiifungue mwenyewe, mwanangu. Nakuambia hili kama ningemwambia wa kwangu. Volti mia nne za kapasita hubaki ndani hata waya ukiwa mkononi mwako, na zinaweza kubaki kwa muda mrefu. Sisi wenyewe huzitoa kwa risista, tunapima, tunapima tena, na mkono mmoja tunauweka mfukoni ili mkondo usipite kifuani. Fundi wa simu si lazima ajue haya. Mtafute fundi aliyezoea TV za chogo, kwa sababu zile zilikuwa na volti elfu ishirini na kitu, na aliyekaa nazo miaka akabaki salama ana nidhamu. Muulize swali moja tu: “Kapasita utaitoaje umeme?” Akikujibu kwa kubana bisibisi kati ya miguu miwili, beba chombo chako urudi nacho nyumbani.

Hata ikishatengenezwa, mrudie bila kusubiri ukisikia mngurumo mzito ambao volyumu haiuathiri, ukinusa harufu ya lami kutoka kwenye transfoma, au fyuzi ikikatika mara ya pili. Mara ya kwanza weka mpya ya namba ile ile. Usiweke kubwa zaidi, na usifunge karatasi ya pakiti ya sigara. Usikate mguu wa ethi kwenye plagi ili kuondoa mngurumo, hata ukiambiwa unasaidia. Ule mguu ndio unaozuia bati la nje kukupiga.

Ukilinganisha gharama, kulipa fundi, kapasita na ile transfoma ndogo ya kupunguza volti kunaweza kukaribia bei ya valvu zenyewe. Ningeanza na hivyo kabla ya valvu, laiti ungeniuliza mapema. Kwa kuwa valvu zimeshaagizwa, ziandikie kwa penseli kwenye boksi tarehe utakayoziweka, na kila moja soketi yake, kushoto au kulia. Miezi sita baadaye upande mmoja ukianza kukwaruza, utazibadilishana jozi, na kelele ikihama nazo utajua ni valvu. Ikibaki pale pale, amplifaya irudi kwa fundi.

Jioni hiyo ya kwanza, spika zikiwa zimefungwa, washa na ukae nayo dakika ishirini taa ya chumba imezimwa. Yaangalie yale mabati manne. Yakibaki ya kijivu, teremsha sindano.